Chokaa ya Shaabani

Nimechoka na mawe. Nalisema mapema ili mtu asinidhanie mtaalamu, wala asifikiri nilikwenda makaburini kwa kupenda kwangu. Nilikwenda kwa sababu wanaume wa nyumbani kwetu wameisha. Baba alitangulia, akafuata mjomba, na mwaka jana kaka yangu naye akaanguka msalani asiinuke tena. Tukabaki wanawake wawili hapa Mwabungo, mama na mimi, na kazi moja ambayo sikuzote ilikuwa ya wanaume: kupaka chokaa kaburi la mtoto wa kwanza wa mama.

Mtoto huyo, wa kiume, simjui. Alikufa kwa homa kabla mimi sijazaliwa, akiwa ndiyo kwanza anatembea kwa kushikilia kuta. Mama hakumzika, maana kwetu mwanamke hafuatani na jeneza. Hubaki ndani na wenzake, akawasikia wanaume wakiondoka na dhikri zao, kisha hungoja warudi wamwambie wamemlaza wapi. Mjomba aliporudi alimwambia mama kwamba yuko safu ya upande wa bahari, karibu na mti wa mkilifi, na kwamba jina atalichonga mwenyewe kwenye jiwe la tumbawe. Akalichonga kweli. Mama akaishi na maneno hayo.

Kila mwezi wa Shaabani, watu wanapoanza kusafisha makaburi kabla ya Ramadhani, mama alinunua chokaa, akailoweka kwenye ndoo mpaka asubuhi, akaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, akampa mwanamume aliyekuwapo. Kwanza alipaka mjomba, na mjomba alipozeeka akapaka kaka. Mama mwenyewe hakuwahi kukanyaga pale. Miaka ya nyuma haikuwa desturi, na desturi ilipolegea miguu nayo ilikuwa imelegea. Macho yameingia mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Lakini chokaa alijua kuipima kwa vidole, na ombi lake lilikuwa moja, amelirudia hata nikalikinai: siku yake ikifika, azikwe ubavuni mwa mtoto wake.

Sasa mwaka huu, baada ya Maulidi, kamati ya msikiti ikatangaza kwamba makaburi yamejaa. Hakuna pa kusogea, kwani upande mmoja kuna ukuta wa hoteli na upande mwingine nyumba za kupangisha. Kwa hiyo kaburi la zamani ambalo halisomeki na halina mwenyewe litasawazishwa, wazikwe wengine. Sheria inaruhusu, imamu akasema, mifupa ikishakuwa udongo. Wenye watu wao wajitokeze, waonyeshe kaburi na jina.

Mama alipoambiwa hakunipa nafasi hata ya kumaliza chai.

"Nenda kamwonyeshe ndugu yako," akasema. "Chokaa imeziba jina lake. Kaifute jina lionekane, kisha uipake upya."

Nilikwenda kwanza kwa imamu kuomba ruhusa. Ni kijana, nilimjua akiwa na kamasi, lakini ana adabu. "Shikamoo mama," akaniamkia, akasikiliza, akaniambia niende mchana watu wakiwa wachache, nijisitiri. Pembeni yake alikuwapo mwalimu mpya wa madrasa, aliyerudi karibuni kutoka masomoni, naye akaona anifundishe kwamba kuandika juu ya kaburi ni makuruhu, haipendezi katika dini.

"Basi mwanangu," nikamwambia, "mngetangulia kutuambia hivyo, kabla hamjataka kusoma."

Imamu akatazama chini ili asicheke. Mimi sikucheka. Umri wangu huu, kubishana na vijana kunanimaliza nguvu kuliko kuteka maji.

Sikutaka kwenda peke yangu, na shoga zangu wote magoti yamekwisha. Akajitolea jirani yangu, mwanamke wa bara, Mkristo, aliyekuja huku na mumewe kufanya kazi ya hoteli. Hoteli ikafungwa, mume akarudi kwao, yeye akabaki kuuza sukuma wiki barabarani. Alijifunga leso kichwani vizuri kuliko mimi, akabeba ndoo.

"Mum, kwetu mtu hapotei hivi," aliniambia njiani. "Tunamzika tu hapo shamba, nyuma ya nyumba. Kila siku unampita ukienda kukatia ng'ombe majani."

"Na shamba likiuzwa?"

Akahamishia ndoo mkono wa pili. "Hapo ndio shida inaanza," akasema.

Tulifika jua lingali chini. Nilidhani mapema ndiyo bora, kumbe sivyo. Kwetu kibla ni kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, basi vichwa vyote viko mashariki, upande wa bahari, na huko ndiko yanakosimama mawe yenye majina. Jua la asubuhi huyapiga usoni moja kwa moja, yakawaka yote, usione hata mkwaruzo. Tukakaa kwenye kivuli tukingoja. Jua lilipopanda karibu na utosi, mwanga ukaanza kuteremka juu ya nyuso za mawe kwa kuzigusa tu, na kila palipokuwa na shimo dogo pakaingia kivuli. Herufi zikatokea zenyewe, zile zilizobaki. Nilisimama nikasema subhanallah, kisha nikaona jinsi zilizobaki zilivyo chache.

Mawe nayo hayafi sawasawa. Marumaru za matajiri, zilizoletwa kutoka Mombasa, ndizo nilizozidhania zitadumu. Herufi zake zilikuwa zimetiwa rangi nyeusi. Rangi imekwenda na jua, na uso wa jiwe umekuwa chengachenga kama sukari, ukipitisha kidole unabaki na unga. Lile jiwe la Mazeras, la kahawia, ambalo watu hutandika uani, linabanduka ganda kwa ganda, na niliokota chini kipande chenye nusu ya jina la mtu nikakiegemeza pale nilipodhani ni kwake. Saruji ni mbaya zaidi. Mafundi waliichanganya na mchanga wa ufukweni, wa bure, wenye chumvi, wakatia na nondo ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nondo zimeshika kutu zikavimba, zimepasua jiwe kutoka ndani, na majina yaliyoandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi yamekatika katikati.

Mawe ya tumbawe ndiyo mengi na ndiyo ya zamani. Tumbawe likitolewa majini ni laini, mtu analichonga kwa kisu, likikauka hukaza. Lakini lina matundu, na matundu hunywa. Upepo huleta chumvi, masika huisukuma ndani, jua likirudi chumvi hukauka ikawa punje, na punje zikitafuta nafasi jiwe humomonyoka. Hilo hufanyika kila mwaka wala hakuna anayeliona likifanyika. Majina yaliyochongwa upande unaotazama kaburi bado yanasomeka kwa taabu, maana jiwe lenyewe limeyakinga. Yaliyotazama bahari yamelambwa. Nilipita mbele ya mawe mengi ya namna hiyo, makavu, yenye vishimo, hayana hata alifu moja. Watu wanaosema jiwe ni la milele hawajaishi pwani.

Letu lilikuwa pale pale alipokuwa akienda kaka, karibu na mkilifi, jeupe, limeviringika kwa chokaa hata halina pembe. Nililifurahia. Katika safu ile nzima ndilo pekee lililoonekana lina watu.

Jirani alikuja na wazo la ndimu, maana ndivyo anavyotoa ukoko mweupe kwenye birika. Tukajaribu pembeni, chini, pasipo na maandishi. Povu likatoka, chokaa ikalegea, lakini nilipofuta niliona povu linatoka na kwenye jiwe lenyewe. Nikamzuia. Chokaa yetu ni tumbawe lililochomwa, ni kitu kimoja, na kinachokula kimoja kitakula kingine. Tukarudi kwenye kisu cha jikoni, maji, na kumbi la nazi la kusugulia.

Ilikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Chokaa ilitoka vipande vyembamba, kimoja juu ya kimoja, vingine vyeupe, vingine vimeingia kijivu cha vumbi la mwaka ule. Nilijua kila kimoja ni Shaabani moja. Nilikuwa nikisema moyoni, hii ya kaka alipooa, hii ya kaka alipofukuzwa kazi akaja kupaka akiwa na hasira. Nilimkumbuka sana pale, na machozi yalinitoka bila aibu. Nikawa nangojea nifike kwenye chokaa ya mjomba, ile ya zamani, nione ikoje. Sikufika. Chokaa iliisha mapema kuliko nilivyotarajia, kisu kikagusa jiwe.

Na jina likawa linasomeka. Chokaa ilikuwa imelifunika upepo usilifikie, na mle ndani ya mchongo ilitoka kwa ncha ya kijiti. Mimi nilisoma chuoni, herufi za Kiarabu hazinishindi. Nilisoma mara ya kwanza nikasema nimekosea. Nikamwagia maji, nikangoja mwanga, nikasoma tena kwa kidole.

Lilikuwa jina la mtoto wa kike. Binti wa mtu nisiyemjua, wa ukoo ambao hauko Mwabungo wala sijausikia Msambweni.

"Vipi mum?" jirani akauliza.

"Huyu si wetu," nikasema.

Niliinuka nikaanza kuzunguka, na sikuhitaji kuzunguka sana. Mbele kidogo kwenye safu ile ile kulikuwa na kisiki kimeoza, kipana, kimezungukwa na mchwa. Kisiki cha mkilifi. Mkilifi huota popote ndege anapodondosha kokwa. Ule wa mjomba ulianguka, chokaa ya mjomba ikaoshwa na mvua, mwingine ukaota hatua chache upande wa kusini, na kaka, kijana asiyejua herufi za Kiarabu, aliyeambiwa tu "karibu na mkilifi", akaenda kwenye ule aliouona. Mjomba wakati huo haoni wala hatoki ndani, na mwanamke wa kumsahihisha hakuwapo, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyewahi kufika. Kando ya kisiki kulikuwa na mawe kadhaa ya tumbawe yanayotazama bahari. Niliyapapasa moja baada ya jingine mpaka ncha za vidole zikachubuka. Hakuna lililokuwa na kitu.

Jirani aliniletea maji ya kunawa.

Njiani nilifikiri nisimwambie mama. Ingekuwa rahisi. Haoni, hatakwenda, ningemwambia jina limetoka vizuri naye angelala. Lakini alikuwa ananingojea juu ya kitanda cha kamba, tasbihi mkononi, uso umeelekea mlangoni, na mimi uongo wa namna hiyo sina nguvu ya kuubeba na kuukumbuka kila siku.

"Umemwona?"

"Mama, lile jiwe si lake."

Nikamweleza yote, kisiki na mkilifi wa pili. Alisikiliza vidole vikiwa vimesimama kwenye punje moja.

"Na wangu yuko wapi?"

"Yuko katika hayo ya kando ya kisiki. Lipi, sijui. Upepo umekula majina yote."

"Miaka yote hii," akasema, "mwanangu alikuwa uchi." Akalia. Mama yangu hakuwa mwepesi wa kulia. Hata kaka alipokufa alilia siku moja akafuta uso. Siku ile alilia kama aliyeletewa habari ya msiba asubuhi ile ile. Nilikaa chini nikamshika miguu. Nilitaka kumkasirikia kaka, nikaona nitamkasirikia vipi mtu aliyekwenda kila mwaka.

Alipotulia akauliza, "Huyo msichana jina lake nani?"

Nikamwambia. Akalirudia polepole, yeye na baba yake.

"Masikini. Hakuna aliyekuwa akija kwake ila sisi." Akazungusha punje ya tasbihi. "Kawaambie kamati, safu ile yote ni yetu."

"Mama, huo ni uongo."

"Mwanangu yumo au hayumo?"

"Yumo."

"Basi uongo uko wapi? Wakisawazisha lolote katika hayo huenda ni yeye. Wapake wote. Na huyo msichana usimwache, asije akaona tumembagua baada ya kumjua. Na mimi nizikwe kwake. Kwa mwanangu hapajulikani ni wapi, lakini huyo nimemlea, japo kwa chokaa."

La kuvunda halina ubani, wanasema. Ningeweza kumwambia hivyo, kwamba lililopotea limepotea, tukae. Badala yake nilinunua mfuko mzima wa chokaa. Nilipaka kaburi baada ya kaburi, jirani akipaka upande wake, jasho na chokaa vikiniwasha macho, mgongo ukilia. Niliulaani upepo, nikaulaani mkilifi, nikaomba radhi kwa Mungu, nikaendelea. Imamu alikuja akasimama akatazama safu nyeupe toka mwanzo hadi mwisho. Alijua kabisa kwamba ukoo wetu haukuwahi kuwa na watoto wengi hivyo.

"Safu hii ina mwenyewe," akasema, akaondoka.

Mama alifunga Ramadhani yote, ingawa tulimkataza. Katika dua zake nilisikia majina mawili, la mwanawe na la yule msichana, yakifuatana. Baada ya Idi alianza kukataa chakula, na wiki haikupita akatutoka, asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Wanaume wakaja, nami nikawa mwanamke wa ndani tena. Nilimwita mtoto wa kaka, aliyekuja kumzika bibi yake kutoka Jego anakoishi na mama yake, nikamweleza vizuri, nikamrudisha, nikamweleza tena: safu ya bahari, kando ya mkilifi uliosimama, siyo kisiki, jiwe lenye jina la msichana, jina lipo chini ya chokaa mpya lakini ukipapasa utalipata. Akasema sawa shangazi. Wakambeba. Nikawasikia wakienda na dhikri zao mpaka sauti zikazama upande wa barabara, na mimi nikabaki kwenye mkeka na shoga zangu na magoti yao.

Aliporudi, kanzu imejaa udongo mwekundu, alikwepa macho yangu.

"Shangazi, tumemsitiri salama."

"Kwa msichana?"

"Tulianza hapo. Lakini chini kuna mwamba, shangazi, tumbawe tupu. Sururu ilikuwa yarudi. Tukajaribu mbele kidogo, mwamba. Tukasogea mpaka tulipopata udongo." Akaonyesha kwa mkono, kama kwamba mimi nilikuwa nikiona. "Ni safu ile ile. Karibu na kisiki."

Nilimpigia kelele. Mbele ya watu, msibani, nilimwambia maneno ambayo shangazi hapaswi kumwambia mtoto wa kaka yake. Mama alikuwa na ombi moja katika dunia hii na wao hata hilo jiwe limewashinda. Wenzangu wakanishika mabega wakaniambia nimwogope Mungu.

Matanga yalipokwisha nilikwenda peke yangu, mchana, jua likiwa karibu na utosi. Tuta la mama lilikuwa bado bichi, wameliwekea mshubiri kichwani. Nilipima kwa macho: msichana kule, kando ya mkilifi, na mama huku, hatua kadhaa kutoka kwake, ubavu kwa ubavu na moja ya yale mawe matupu ya kando ya kisiki. Chokaa yangu ilikuwa imeanza kupauka upande wa bahari. Nilichuchumaa nikalipapasa lile jiwe kutoka juu hadi chini, kwa vidole vyote, nikijua nitakachokuta. Palikuwa na vishimo tu na chumvi.

Hasira zilikuwa zimekwisha, nimebaki na uchovu. Niliwatolea salamu wa huko chini, nikamsomea mama Yasini, kisha nikamwambia, mimi, mama, huyu uliyelala naye simjui ni nani. Wewe sasa unamjua.